Njia Tatu za Meli katika Aktiki: Ipi Ichaguliwe, kwa Mzigo Gani na kwa Ushirikiano wa Nani

Meli inayotoka Rotterdam kwenda Yokohama kwa kupitia Mfereji wa Suez husafiri takriban maili 11,200 za baharini. Ikipita juu, kando ya pwani ya Urusi, safari hupungua hadi takriban maili 7,300. Tofauti hiyo ndiyo inayowavuta watu kwenye mjadala wa njia za Aktiki, na ndiyo pia inayowapotosha, kwa sababu ramani huonyesha umbali bila kuonyesha ni nani atakayekuja meli ikibanwa na barafu, ni nani aliyepima kina cha maji yaliyo mbele yake, ni bima gani itakayolipa, na kama serikali mbili zinazopakana na njia hiyo zinazungumza au zimenuniana. Ulinganisho huu umeandikwa kwa ajili ya mtu anayepaswa kuamua: mwenye shehena, mpangaji wa usafirishaji, mshauri wa wizara, au mwanafunzi wa masuala ya bahari anayetakiwa kutoa pendekezo lenye msingi. Nitazipima njia hizi kwanza kwa ushirikiano unaozishikilia, kisha kwa umbali, kwa kuwa nimesadiki kwamba uamuzi mwingi hukosewa pale mpangilio huo unapogeuzwa.

Njia ya kwanza ni Njia ya Bahari ya Kaskazini, inayoanzia kwenye milangobahari ya Novaya Zemlya na kuishia Mlangobahari wa Bering, urefu wa takriban kilomita 5,600, yote ikifuata pwani ya Urusi. Isichanganywe na Bahari ya Kaskazini iliyo kati ya Uingereza na Norwei, kosa ambalo jina lenyewe linalialika. Kwa hiyo hapa nitaiita njia ya Urusi. Ya pili ni Njia ya Kaskazini-Magharibi, inayopenya kati ya visiwa vya kaskazini mwa Kanada kutoka Ghuba ya Baffin hadi Bahari ya Beaufort. Hiyo nitaiita njia ya Kanada. Ya tatu ni njia ya kati, inayoikata Bahari ya Aktiki karibu na Ncha ya Kaskazini yenyewe, mbali na pwani ya nchi yoyote. Na kila tunapolinganisha hizo tatu, njia iliyozoeleka ya Suez, pamoja na mzunguko wa Rasi ya Tumaini Jema, lazima ikae mezani, kwa sababu hiyo ndiyo mshindani halisi wa kila njia ya barafu.

Kanuni zinazozifunga njia zote

Kabla ya kutofautisha, tutazame kile kilicho cha pamoja. Tangu tarehe 1 Januari 2017 zimekuwa zikitumika kanuni maalumu za meli zinazosafiri katika maji ya ncha za dunia, zilizopitishwa na Shirika la Kimataifa la Bahari lenye makao yake London. Meli ya biashara inayohusika hupaswa kuwa na cheti kinachoonyesha ni barafu ya aina gani inaweza kuingia. Kundi A ni meli zilizojengwa kwa ajili ya angalau barafu ya mwaka mmoja yenye unene wa kati, kundi B kwa barafu nyembamba ya mwaka mmoja, na kundi C kwa maji wazi au barafu hafifu zaidi ya hiyo. Pamoja na cheti, melini lazima kiwepo kitabu cha uendeshaji kinachoeleza uwezo wa meli hiyo mahususi na mipaka yake, si meli kwa jumla. Kuanzia tarehe 1 Januari 2026 sehemu za kanuni hizo zinazohusu uongozaji na upangaji wa safari zimepanuliwa ili ziguse pia meli za uvuvi zenye urefu wa mita 24 na zaidi pamoja na baadhi ya meli ndogo za mizigo na za starehe ambazo awali ziliachwa nje.

Kipengele kimoja cha kanuni hizo kinastahili kusomwa polepole. Vifaa vya kuokoa maisha vinapaswa kuwawezesha watu kuishi kwa muda wote unaotarajiwa hadi waokolewe, na muda huo hauruhusiwi kukadiriwa kuwa chini ya siku tano. Yaani waliotunga kanuni walikaa, wakahesabu umbali, ndege, meli na hali ya hewa, wakakubali kwa maandishi kwamba msaada katika maji haya unaweza kuchelewa kiasi hicho. Mpangaji anayesoma bei ya mafuta tu na kuiruka namba hiyo hajasoma jambo la msingi.

Mambo mengine ya pamoja nitayapitia kwa haraka. Setilaiti zinazotulia juu ya ikweta hufifia kadiri meli inavyopanda kaskazini, na juu ya takriban digrii 75 mawasiliano yake hayategemeki, hivyo meli huhitaji mtandao wa setilaiti zinazozunguka kupitia ncha. Dira ya sumaku huyumba karibu na ncha ya sumaku. Povu la bahari likirushwa na upepo huganda juu ya sitaha, kwenye kamba na kwenye milingoti, tabaka juu ya tabaka, hadi uzito wa juu wa meli uzidi wa chini. Mabaharia hulazimika kutoka kwenye baridi hiyo kuyavunja magando kwa nyundo na marungu kabla meli haijaanza kulala ubavu. Mafuta mazito yamepigwa marufuku katika Aktiki tangu tarehe 1 Julai 2024, ingawa misamaha iliyoruhusiwa inaweza kuendelea hadi Julai 2029. Katika maji ya Antaktiki marufuku kama hiyo ilianza Agosti 2011, bila kipindi kirefu namna hiyo cha kusubiri, na binafsi naona huko ndiko ilikoonyeshwa dhamira ya kweli.

Kanuni hizi ni sakafu nzuri. Haziwezi, hata hivyo, kuleta meli ya kuvunja barafu, wala kupima kina cha mlangobahari, wala kuamua maji ni ya nani. Hapo ndipo njia zinapoachana.

Njia ya Urusi: huduma kamili, mlango mmoja

Hakuna njia nyingine ya Aktiki yenye huduma zinazokaribia hizi. Urusi ndiyo nchi pekee yenye kundi la meli za kuvunja barafu zinazoendeshwa kwa nguvu za nyuklia, zenye makao yake Murmansk. Meli za kizazi kipya, kama Arktika iliyoanza kazi mwaka 2020, zina urefu wa mita 173 na upana wa mita 34, na zimesanifiwa kukata barafu ya karibu mita tatu. Usimamizi wa njia umekabidhiwa shirika la serikali la nyuklia, Rosatom, ambalo tangu sheria ya mwisho wa mwaka 2018 limepewa jukumu la miundombinu, na baadaye likachukua pia utoaji wa vibali. Anayetaka kupita huomba kibali, huonyesha daraja la barafu la meli yake, yaani kiwango cha uimara wake dhidi ya barafu, hupewa masharti ya msimu, na akihitaji kusindikizwa hulipa kulingana na ukubwa wa meli, daraja lake, msimu na sehemu za njia atakazopitia. Kwa meli isiyo na nguvu kubwa ya barafu, dirisha la safari kwa kawaida huanza Julai na kufungwa karibu katikati ya Novemba.

Ubora wa mpango huu ulionekana wazi katika gesi ya Yamal, rasi iliyo kaskazini mwa Siberia. Kuanzia Desemba 2017 bandari ya Sabetta imekuwa ikipakia gesi asilia iliyopozwa hadi kuwa kimiminika, na kwa ajili ya kazi hiyo zilijengwa meli 15 za daraja la juu la barafu, ya kwanza ikiitwa Christophe de Margerie. Meli hizo zina karibu mita 300 kutoka omo hadi tezi na upana wa mita 50, yaani ni pana kuliko hata meli ya nyuklia ambayo ingetangulia kuzifungulia mfereji. Barafu inapokuwa nene, meli hugeuka na kwenda kinyumenyume: tezi hutangulia, na mapangaboi yake yanayozunguka pande zote huitafuna barafu kutoka chini huku omo ikifuata. Agosti 2017 meli hiyo ya kwanza ilitoka Norwei hadi Korea Kusini kwa siku 19, na sehemu ya njia ya Urusi ikaimaliza kwa takriban siku sita na nusu bila kusindikizwa. Mwanzoni mwa 2021 ilikwenda mashariki katikati ya majira ya baridi na kurudi Februari, mwezi ambao zamani hakuna aliyeuwaza kwa safari kama hiyo.

Lakini tuangalie mzigo huo ulikuwa nini. Ulikuwa mali iliyochimbwa huko huko Aktiki, kwa meli zilizojengwa mahususi, kwa mikataba ya miaka mingi. Shehena ya jumla kwenye njia hii ilifikia karibu tani milioni 38 mwaka 2024, ilhali lengo lililokuwa limewekwa kwa amri ya rais mwaka 2018 lilikuwa tani milioni 80 kwa mwaka huo huo. Na katika hizo milioni 38, shehena iliyovuka njia nzima kutoka bahari moja hadi nyingine ilikuwa takriban tani milioni tatu tu. Kwa hiyo anayesikia kwamba njia ya Urusi inakua na akadhani kwamba biashara ya Asia na Ulaya imehamia huko, amechanganya mambo mawili: usafirishaji wa kutoka Aktiki, ambao ni mkubwa na halisi, na usafirishaji wa kupita Aktiki, ambao bado ni mdogo.

Kwa upande wa makontena, majaribio yapo. Mwaka 2018 meli ya Venta Maersk, yenye uwezo wa makontena 3,600 hivi, ilipita kutoka Vladivostok hadi St. Petersburg ikiwa na samaki wa kugandishwa na bidhaa nyingine, na kampuni yenyewe ikasema hilo lilikuwa jaribio la mara moja. Mwaka uliofuata makampuni kadhaa makubwa ya makontena, yakiwemo CMA CGM, MSC na Hapag-Lloyd, yalitangaza kwamba hayatapeleka meli zao huko kwa sababu za mazingira. Septemba 2025 meli ya Istanbul Bridge iliondoka Ningbo nchini China na kufika Felixstowe nchini Uingereza baada ya siku 20 hivi, muda ambao njia ya Suez haiwezi kuufikia. Safari hiyo ni ushahidi wa kile kinachowezekana mwezi Septemba. Haitoi ushahidi wowote kuhusu Novemba.

Maana Novemba 2021 barafu iliwahi kuliko utabiri, na zaidi ya meli 20 zikanaswa au kuzuiliwa upande wa mashariki wa njia, zikisubiri meli za kuvunja barafu ambazo zilikuwa mbali. Waliosubiri walikuwa chini ya mfumo bora kabisa wa kusindikiza uliopo duniani, na bado walisubiri. Kina nacho ni kizuizi: Mlangobahari wa Sannikov, kati ya visiwa vya Siberia Mpya, una mahali penye takriban mita 13 tu za maji, hivyo meli kubwa hulazimika kuzunguka kaskazini mwa visiwa, ambako barafu ni nyingi zaidi.

Udhaifu mkubwa wa njia hii, hata hivyo, ni kwamba mlango wake ni mmoja na ufunguo uko kwa mtu mmoja. Urusi hutegemea kwa kiasi kikubwa Kifungu cha 234 cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari, kinachoiruhusu nchi ya pwani kuweka masharti yasiyobagua ya kuzuia uchafuzi katika maji yanayofunikwa na barafu kwa sehemu kubwa ya mwaka ndani ya eneo lake la kiuchumi. Nchi nyingine, Marekani ikiwa mbele, hupinga upana wa masharti hayo. Kisha vita vya Urusi nchini Ukraine vya mwaka 2022 vikaleta vikwazo, na kwa wenye meli, benki na makampuni ya bima ya nchi nyingi njia hii ikafungwa kwenye karatasi hata pale maji yanapokuwa wazi. Kwa kampuni ya China au ya Urusi yenyewe hali ni tofauti kabisa, na ndiyo sababu siwezi kutoa jibu moja kwa wasomaji wote: uraia wa bima yako unaweza kuamua kabla barafu haijaulizwa.

Njia ya Kanada: masharti mepesi, huduma haba

Roald Amundsen alikuwa wa kwanza kuipita njia hii yote kwa chombo, akitumia miaka ya 1903 hadi 1906 ndani ya Gjøa. Leo safari hiyo yaweza kuchukua siku chache katika mwezi mzuri, lakini tabia ya njia haijabadilika sana: ni mtandao wa mifereji kati ya visiwa vingi mno, na hakuna mfereji mmoja unaofaa kila wakati. Ile ya kusini ina barafu pungufu lakini maji machache na mafungu. Ile ya kaskazini, kupitia Mlangobahari wa M'Clure, ina kina cha kutosha lakini hupokea barafu kongwe, ngumu kama jiwe, inayoteremka kutoka Bahari ya Aktiki.

Hapa pana jambo linaloshangaza wengi. Watu hudhani joto likiongezeka njia hufunguka moja kwa moja. Utafiti uliochapishwa mwaka 2024, ulioangalia miaka ya 2007 hadi 2021, ulionyesha kwamba katika sehemu kadhaa muhimu za njia hii msimu wa meli ulifupika, kwa sababu barafu laini iliyokuwa ikiizuia ile kongwe isiteremke imeyeyuka, na ile kongwe sasa inapata nafasi ya kuingia kwenye mifereji. Anayepanga kwa kutazama wastani wa barafu ya Aktiki nzima anaweza kukutana na kipande kimoja tu cha barafu ya miaka mingi kikiziba mahali anapopaswa kupita.

Kisheria, Kanada huyahesabu maji haya kuwa maji yake ya ndani, na Marekani huyaita mlangobahari wa kimataifa. Namna nchi hizo mbili zilivyoishi na tofauti hiyo ni fundisho la ushirikiano ambalo ningependa lisomwe zaidi. Baada ya meli ya kuvunja barafu ya Marekani, Polar Sea, kupita mwaka 1985 bila kuomba ruhusa rasmi na kuzua hasira Kanada, pande mbili zilifikia makubaliano ya mwaka 1988: meli za kuvunja barafu za Marekani zitapita kwa ridhaa ya Kanada, bila upande wowote kukubali hoja ya kisheria ya mwenzake. Hawakumaliza ugomvi. Waliuweka pembeni ili kazi iendelee, na makubaliano hayo yamedumu kuliko mikataba mingi iliyojaribu kumaliza kila kitu.

Kwa mwendeshaji wa meli, masharti ni mepesi kuliko ya Urusi. Tangu mwaka 2010 meli za tani za ujazo 300 na zaidi lazima zijiripoti kwenye mfumo wa Kanada wa kufuatilia safari za kaskazini, na lazima zitimize sheria za kuzuia uchafuzi ambazo mizizi yake ni ya mwaka 1970. Vikwazo vya kibenki havipo. Tatizo ni kile kisichokuwepo: bandari zenye kina ni chache, na katika makazi mengi ya Wainuit, watu asilia wa kaskazini, hakuna gati, kiasi kwamba mzigo wa mwaka mzima hushushwa kwenye matishari na kusukumwa hadi ufukweni maji yanapojaa. Ni sehemu ndogo tu ya maji ya Aktiki ya Kanada iliyopimwa kwa viwango vya kisasa. Agosti 2010 meli ya watalii ya Clipper Adventurer, ikiwa na abiria zaidi ya 100, ilipanda mwamba katika Ghuba ya Coronation, na kivunja barafu cha walinzi wa pwani kilihitaji takriban siku mbili kuwafikia. Septemba 2025 meli ya mizigo ya Uholanzi, Thamesborg, ilikwama katika Mlangobahari wa Franklin, na ilichukua zaidi ya mwezi mmoja kuiokoa.

Pamoja na hayo, kuna mzigo ambao njia hii inaufaa. Mwaka 2013 meli ya Nordic Orion ilibeba makaa ya mawe kutoka Vancouver hadi Pori nchini Ufini. Iliokoa takriban maili 1,000 za baharini, na kwa kuwa haikubanwa na kina cha Mfereji wa Panama iliweza kupakia takriban robo zaidi ya ambayo ingepakia kwa njia ile. Mwaka uliofuata Nunavik, meli yenye nguvu zake za barafu, ilipeleka madini ya nikeli kutoka kaskazini mwa Quebec hadi China bila kusindikizwa. Zote mbili zilibeba shehena kichele, yaani mzigo unaomwagwa melini bila kufungashwa, isiyokuwa na haraka ya siku wala saa.

Njia ya kati

Nitakuwa mfupi. Njia ya kati ndiyo fupi kuliko zote, kina chake hakina tatizo, na sehemu yake kubwa ni bahari kuu, kwa hiyo hakuna anayetoa kibali. Pia hakuna bandari, hakuna wa kusindikiza, na barafu bado ipo. Anayetafuta njia ya kutumia mwaka huu au muongo huu aiache.

Kinachonivutia huko ni mkataba wa uvuvi. Oktoba 2018, mjini Ilulissat katika Grinlandi, pande kumi zikiwemo Urusi, Marekani, China, Japani, Korea Kusini na Umoja wa Ulaya zilitia saini makubaliano ya kutovua kibiashara katika takriban kilomita za mraba milioni 2.8 za bahari kuu ya kati hadi hali ya samaki huko ijulikane kisayansi, nayo yakaanza kutumika Juni 2021. Walikubaliana kabla ya meli ya kwanza ya uvuvi kufika. Kwa usafirishaji hakuna kitu cha namna hiyo, na wakati wa kukiandaa ni sasa, wakati hakuna aliyewekeza huko na kuwa na cha kupoteza.

Nani atakuja?

Ushirikiano wenyewe nao una aina zake, na mchaguzi anapaswa kujua upi unafanya kazi leo. Baraza la Aktiki, lililoundwa kwa Azimio la Ottawa la mwaka 1996, lina nchi nane na mashirika sita ya watu asilia yenye viti vya kudumu. Chini ya kivuli chake ulitiwa saini mkataba wa utafutaji na uokoaji mjini Nuuk mwaka 2011, unaogawa Aktiki katika maeneo ya wajibu, na mwingine wa kukabiliana na mafuta yaliyomwagika, mjini Kiruna mwaka 2013. Machi 2022 nchi saba zilisimamisha ushiriki wao pamoja na Urusi. Kazi za kitaalamu zimekuwa zikirejea polepole, nyingi kwa maandishi na kwa njia ya mtandao, lakini mazoezi ya pamoja ya nchi zote nane ya kutoa watu baharini hayafanyiki kwa barua.

Mipango midogo ndiyo iliyoonyesha uimara. Katika Mlangobahari wa Bering, wenye upana wa kilomita 85 hivi mahali pembamba, Marekani na Urusi ziliwasilisha kwa pamoja mpango wa njia za kwenda na kurudi pamoja na maeneo ya tahadhari, na Shirika la Kimataifa la Bahari likaupitisha mwaka 2018. Norwei na Urusi zimeendelea kuwasiliana kuhusu uokoaji katika Bahari ya Barents hata baada ya 2022. Meli zote zitokazo njia ya Urusi au ya Kanada kuelekea Asia hupita Bering. Kwa hiyo anayeipima njia ya Kanada kama njia isiyogusana na Urusi hajaitazama ramani hadi mwisho.

Thamani ya haya yote huonekana siku ya shida. Septemba 2023 meli ya watalii ya Ocean Explorer ilikwama kwenye fiodi ya Alpefjord, kaskazini-mashariki mwa Grinlandi, ikiwa na watu 206. Meli ya doria iliyotumwa ilikuwa umbali wa zaidi ya kilomita 2,000. Siku ya tatu aliyeivuta ni Tarajoq, meli ya utafiti wa samaki ya Grinlandi iliyotokea kuwa katika maji hayo, ikisaidiwa na maji kujaa. Kule kusini, mwishoni mwa mwaka 2013, meli ya Urusi Akademik Shokalskiy ilibanwa na barafu ya Antaktiki, na abiria 52 wakatolewa kwa helikopta ya meli ya China, Xue Long, na kupelekwa kwenye meli ya Australia. Bendera tatu, na kila moja ilifanya sehemu yake kwa sababu utaratibu wa kuombana msaada ulikuwapo na ulikuwa hai. Kabla ya kuchagua njia, uliza kama utaratibu huo uko hai kati ya nchi zile zile ambazo meli yako itazipitia.

Mzigo gani, njia gani

Kwa makontena yenye ratiba, jibu langu ni kubaki kusini. Kontena haliuzi kasi peke yake; huuza siku ya kufika inayojulikana, na bandari nyingi za kushusha na kupakia njiani. Meli kubwa za Suez hubeba makontena zaidi ya 20,000 kwa safari moja, ilhali zile zilizotajwa hapo juu kupita Aktiki zilikuwa na uwezo usiozidi elfu tano. Ni kweli kwamba Machi 2021 Suez iliziba kwa siku sita, na kwamba tangu Novemba 2023 mashambulizi katika Bahari ya Shamu yaliwalazimisha wengi kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema kwa siku kama kumi zaidi. Lakini mzunguko huo unapatikana Januari kama unavyopatikana Agosti, na njiani kuna bandari, mafuta na mafundi.

Bidhaa za msimu zinazoanzia kaskazini mwa China na kuishia kaskazini mwa Ulaya, zikiondoka kati ya Agosti na mwanzo wa Oktoba, ndizo pekee za makontena ambazo ningezifikiria kwa njia ya Urusi, na hilo kwa kampuni ambayo vikwazo haviigusi na ambayo iko tayari kuchelewa. Gesi, mafuta na madini yaliyochimbwa pwani ya Siberia hayana chaguo jingine la maana. Madini ya Nunavut, eneo la kaskazini mwa Kanada, na ya Quebec ya kaskazini, vivyo hivyo, yatatoka kwa njia ya Kanada, mara nyingi kuelekea Ulaya bila hata kuivuka yote. Shehena kichele ya pwani ya magharibi ya Kanada kwenda nchi za Baltiki inaweza kujaribu Septemba, ikiwa meli ina daraja la barafu na mnunuzi ana subira. Mitambo mizito ya miradi iende na njia ile iliko bandari ya mwisho, na ifike mwaka mmoja kabla ya kuhitajika.

Ukishachagua, mkataba wa kukodi meli ndio unaobeba uamuzi wako baharini. Uonyeshwe cheti cha ncha cha meli hiyo hiyo, siyo cha dada yake. Iandikwe tarehe ya mwisho ya kuingia kwenye barafu na tarehe ya mwisho ya kutoka. Ijulikane ni nani anayelipa ikiwa meli ya kusindikiza itachelewa. Na melini ifanyike ile hesabu ambayo maofisa wa sitaha hutakiwa kuifanya kila barafu inapobadilika: kila aina ya barafu iliyo mbele hupewa alama kulingana na daraja la meli, alama hujumlishwa, na jumla ikishuka chini ya sifuri meli dhaifu haipaswi kuendelea, huku ile yenye nguvu ikipunguza mwendo. Kuna kifungu kimoja ambacho mimi nisingetia saini bila kukiona: kwamba hesabu hiyo ikitoka hasi nahodha ana haki ya kugeuza meli bila kuuliza ofisi, na kwamba gharama ya kugeuka imekwisha kugawanywa kati ya mwenye meli na mwenye mzigo kabla ya nanga kung'olewa.